Kiti cha Pili cha Helikopta

Kiponda, Unguja
Jumanne usiku

Mwanangu Maryam,

Salamu tumepeana leo mara nyingi mno, na kesho gatini tutapeana tena mbele za watu, basi humu sizirejei. Habari za sweta, za dawa ya tumbo, na za namna ya kulifunga lile sanduku ambalo kufuli lake limelegea, keshakwambia mama yako na alfajiri atakwambia tena. Hayo ni yake. Mimi nataka kukwambia habari ya ile helikopta iliyo juu ya kabati la ghorofani. Utaniona mtu wa ajabu, usiku wa safari yako kukaa na kuandika habari ya kitu cha kuchezea. Soma hata hivyo, mpaka mwisho, na usome ukiwa umekaa.

Asili yake unaijua nusu. Miaka ile Wajerumani walipokuwa wakijenga majumba ya Kikwajuni, nilikuwa nachora ramani katika chumba kimoja na fundi wao wa umeme. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kijerumani changu hakikuwepo, lakini watu wawili wanaopiga mistari siku nzima huzoeana bila maneno mengi. Alipoagwa kurudi kwao akaniletea sanduku la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na helikopta ya jeshi, vipande vitupu vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti, kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Akaniambia: "Wewe mkono mzuri. Jenga. Taratibu." Kisha akaenda zake.

Tuliijenga Ijumaa mchana, baada ya sala, mimi na wewe. Kazi yako ilikuwa kupiga msasa kwenye maungio mpaka ufa usionekane, na uliifanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vidogo na ulikuwa na subira ambayo sijui uliitoa wapi. Rangi ilikuwa shida. Madukani hakukuwa na kitu. Mara ya mwisho nilipokwenda kwa Bwana Tayabali pale Darajani kutaka kibati kingine cha kijani cha madirisha, alinitazama juu ya miwani.

"Bwana Othman, nyumba yako ina madirisha mangapi hata kila mwezi unapaka?"

"Ni madogo."

"Madogo vipi?"

Nikamwonyesha kwa kucha. Akacheka mpaka akakaa. Alinitolea na kijibati cha nyeupe na kidogo cha ile nyekundu ya kupakia mabati, akasema ni sadaka kwa wendawazimu.

Tulikichanganya kile kijani na masizi ya taa mpaka kikawa na rangi ya kijeshi. Halafu tukaanza kuichafua. Unakumbuka? Masizi makavu kwa ncha ya brashi nyuma ya bomba la moshi. Wino wangu wa ramani, umetiwa maji, ukakimbia wenyewe katika mistari ya mabati. Vumbi la njia ya Bububu kwenye magurudumu. Pale mlangoni, buti za askari zinapokanyaga, tulisugua risasi ya penseli mpaka plastiki ikang'aa kama chuma kilichochubuka. Waya wa redio tulioutia mgongoni ulikuwa uzi wa mama yako wa kushonea kofia. Uliniuliza, "Baba, mbona tunaichafua baada ya kuipendezesha?" Nikakujibu kwamba helikopta safi haijapata kumchukua mtu. Nilidhani nasema habari ya rangi tu.

Wakabaki marubani. Walikuwa wawili, wa kukaa ubavu kwa ubavu kule juu mbele, kila mmoja na uso mdogo kama punje ya mtama. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa hai wakati huo, na macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Nyumba hii ilikuwa haijapata kuwa na taswira ya mtu. Alinisikia nikikwambia kuwa bado nyuso, akaniita.

"Othman."

"Naam, mama."

"Hao watu wenu waache hivyo hivyo. Ukimtia macho, kesho utaulizwa roho yake iko wapi."

Nikamwahidi. Nikawapaka nguo na kofia, nyuso nikaziacha za kijivu.

Sasa nikwambie habari ya ami yako Salum, kwa sababu hukuambiwa ila kwamba alisafiri. Salum alikuwa mdogo wangu, na wewe ulikuwa unamkimbilia mlangoni kabla hujajua kutamka jina lake. Mwaka ule wa Mapinduzi, mambo yalipokwisha kutulia kidogo, walikuja watu wawili alasiri, wamevaa vizuri, wakabisha hodi kwa adabu. Wakasema, "Salum yupo? Anaitwa mara moja." Yeye alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Nnakuja," akavaa makubazi, akamwambia mkewe asimwondolee kikombe. Basi. Tulikwenda kila tulikoweza kwenda. Tulipouliza, tuliambiwa turudi nyumbani, na baadaye tukaambiwa tusiulize. Hatukupewa mwili wala neno. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa bado na hina ya harusi kwenye kucha.

Miaka ikapita. Ijumaa moja ya masika wewe ulikuwa na homa, nami nikakaa peke yangu juu na ile helikopta. Nilitaka kufunga kile kioo cha marubani na kumaliza. Nikawatazama, nikaona wale wawili wanakaa kama vipofu. Nikachukua sindano ya kofia ya mama yako nikaichovya ncha rangini. Nilinuia nukta mbili tu, kwa mmoja tu, kazi isionekane ya kitoto. Mkono ukaenda. Baada ya macho ukatia nyusi, na unyusi wa kushoto ukauacha na pengo katikati. Salum alikuwa na pengo hilo, alilipata kwa kuanguka ngazi za nyumba hii alipokuwa mtoto. Wewe unalo lile lile, pahala pale pale, na wewe hukuanguka popote.

Sikumwambia mtu. Nikafunga kioo kwa gundi ya bahasha, kwa sababu nilikwisha kuharibu dirisha moja kwa gundi ya plastiki. Ile hutoa moshi na kioo kikabaki na ukungu ndani ambao haufutiki. Gundi ya bahasha huachia kwa kitambaa cha maji. Nilikufundisha hilo, na kwa barua hii ni jambo kubwa, basi likumbuke.

Siku ya pili yake Bibi akatoka chumbani kwake pale pale ghorofani akanijia, akipapasa ukuta. Akataka aishike hiyo ndege ya feni, ndivyo alivyokuwa akiiita, maana alisikia kuwa imekwisha. Nikampa. Akaipitisha vidole mgongoni, akaugusa uzi, akayagusa mapanga ya juu yanayozunguka. Kisha akaisogeza karibu na macho yale yasiyoona mwanga wa dirisha, akaweka kioo puani kabisa. Akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliyeingia mlangoni:

"Salum. Umekonda."

Ungekuwepo, Maryam, ungeniona nimeshika kiti.

Tangu hapo ilikaa chumbani kwake. Asubuhi na alasiri alitaka kikombe cha chai kiwekwe mbele yake, na mama yako alikiweka, kwa kuwa ni nani atamkatalia mzee chai. Wewe ulidhani ni mchezo wa Bibi. Na ndipo lilipoanza lile jambo la mapanga. Nilikuwa nikiyaacha vile ninavyopenda mimi, moja likielekea dirishani. Asubuhi nalikuta limeelekea mlangoni, kwenye ngazi. Nikatia nukta nyeupe kwenye panga hilo ili nisijidanganye. Nikafunga madirisha. Nikapima kwa kipimapembe changu cha kazini, nikaandika katika shajara, kama ninavyoandika mvua na wageni. Nilitafuta sababu nikapata nyingi nzuri: mbao za sakafu zinacheza, magari ya ng'ombe yanapita chini, Bibi mwenyewe anaigusa. Zote zilieleza kwa nini panga linazunguka. Hakuna iliyoeleza kwa nini halikuwahi kusimama popote ila mlangoni.

Ningeweza kuishi na hilo. Lililonishinda ni lililomfika Bi Zuhura.

Alikuja na kaka yake, amejifunga buibui mpaka shingoni. Mtu mwema kutoka Bububu alikuwa anamposa. Kadhi alikuwa tayari kumwacha huru, ila alitaka jamaa za mume waseme wenyewe kuwa wamekata tamaa, na Zuhura kwa heshima yake alitaka lisemwe nyumbani kwetu kwanza, asomewe Salum khitma, ndipo akae edda kama mwanamke aliyefiwa. Haikuwa haja kubwa. Bibi akamjibu kabla yangu.

"Edda ya nini, mwanangu? Mumeo yuko juu, amekaa."

Zuhura akanigeukia. "Shemeji, nambie wewe. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Amekufa, hakufa?"

Nilijua jibu. Nililijua tangu wiki ile ya kwanza, na yeye alijua kuwa nalijua. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimelikuta panga limeelekea mlangoni, na mbele ya macho yangu alikuwa mama yangu anatabasamu, mara ya kwanza tangu achukuliwe mwanawe. Nikasema:

"Tungoje kidogo."

Kaka yake akainuka kwa hasira. Zuhura akamzuia, akapanda ngazi peke yake. Hakukaa sana kule juu. Aliposhuka rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ninaousikia mpaka leo:

"Mmemtia kwenye chupa."

Yule mtu wa Bububu alingoja kidogo, kama nilivyotaka mimi. Kisha akaoa kwingine. Bi Zuhura yuko kule kule Bububu kwa wazee wake. Ulipokwenda kumuaga juzi ulirudi ukasema amekuwa mtu mzima ghafla. Si ghafla, mwanangu.

Bibi alipokuwa anakaribia kwenda zake, aliniita tena. Hakunena habari za kifo. Aliniuliza:

"Yule wa pili mbona hana uso?"

"Hakuna mtu pale, mama. Ni plastiki."

"Salum anaona upweke." Akafikiri, kisha akanipigapiga mkono kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Usihangaike. Atapatikana."

Tulipomaliza matanga niliipandisha helikopta juu ya kabati la ghorofani, mahali usipofika bila kiti. Vile vibati vya rangi nikaviacha wazi juani mpaka vikawa mawe, brashi nikazichoma. Nikasema mambo yamekwisha.

Mwaka jana ukapata nafasi ya kwenda bara kusomea uuguzi. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka barazani. Wewe uliniletea ile karatasi niitie sahihi yangu, umesimama pale mlangoni, jua la jioni limekupiga upande wa kushoto, kwenye unyusi. Nikakwambia nini? Unakumbuka. Nilikwambia tungoje kidogo. Nikatoa sababu: umri, safari, watu tusiowajua. Sababu nyingi nzuri, kama za mapanga. Nafasi ikampata mwingine, nawe hukulia mbele yangu.

Ukweli ni mbaya zaidi, nami nimekaa usiku huu niuseme. Nilikuwa naogopa mlango. Aliyetoka nyumba hii akasema nnakuja hakurudi, na aliyebaki ni yule niliyemkalisha mwenyewe nyuma ya kioo. Hakurudi, lakini hakwenda. Nikaanza kuwaza kwamba mtu anaweza kuwekwa. Jioni moja, ninyi mko jikoni, nilipanda kwenye kiti nikaishusha helikopta, na sindano ya kofia nilikuwa nayo mkononi. Sikujua kama nimekuja kuhakikisha kuwa kile kiti cha pili bado hakina uso, au nimekuja kukitia wako. Nikatafuta rangi, nikakumbuka imekuwa mawe. Nilishukuru, na nilichukia kuwa nashukuru.

Mwaka huu nafasi ilipokuja tena nilikwisha kufungua mdomo. Mama yako, ambaye katika ndoa yetu yote hakuwahi kunikatiza mbele yako, aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona.

"Baba Maryam, usiseme."

"Sijasema kitu."

"Najua ulitaka kusema nini. Wewe ukisema tungoje kidogo, watu huzeeka. Mwangalie Zuhura."

Nikatia sahihi papo hapo, kwa wino wa ramani, maana ndio uliokuwa karibu. Ndiyo sababu jina langu pale limekuwa jeusi sana.

Sasa nikwambie ya leo.

Mlipotoka wewe na mama yako baada ya alasiri kwenda kuaga Mkunazini, nilitia nia ya kufanya nililopaswa kulifanya zamani. Niliishusha helikopta nikaiweka mezani. Imeshika vumbi, na lile vumbi limeipendeza kuliko kazi yetu yote. Nukta nyeupe ilikuwa imeelekea mlangoni. Nikalowesha kitambaa, nikakiweka kwenye ukingo wa kioo, nikangoja. Gundi ikaachia. Nikakitoa kioo taratibu, na ikatoka harufu, Maryam, sikwambii nikutishe, ikatoka harufu ya chai.

Nikasoma Fatiha. Nikachukua mafuta ya taa kwenye pamba nikamfuta ndugu yangu uso. Rangi ilikuwa imekauka kabisa, ilibanduka kama gamba la kidonda kilichopona. Chini yake plastiki ile ile, kijivu, safi. Niliona uchungu, lakini wa kawaida, ule ambao watu hupewa pole. Sijawahi kupewa pole ya Salum.

Ndipo nikamtazama wa pili.

Alikuwa na macho. Yamefanywa vizuri, kwa mkono mtulivu kuliko wangu, meupe kidogo pembeni kama ya mtu aliye hai. Na nyusi. Wa kushoto una pengo. Nilidhani nimechanganya viti, nikatazama tena. Nikanyoosha kidole nikamgusa, na rangi ikanishika kidoleni. Ilikuwa mbichi.

Rangi ya nyumba hii ni mawe tangu mwaka aliokufa Bibi. Gundi ya kile kioo ilikuwa ya manjano na nzee, au niliiona hivyo. Jua lilikuwa linakwenda na sitaki kuapa. Ile alama ya kahawia unayoiona pembeni ya ukurasa huu ni kidole changu. Nimekinawa, bado inatoka.

Nimekaa sana nikiwaza. Inawezekana ni wewe. Unajua namna ya kukifungua kile kioo na kukifunga tena, nilikufundisha mwenyewe. Inawezekana umepata rangi kwa mtu, ukapanda kwenye kiti wakati mimi nimekwenda msikitini, ukataka kumwachia baba yako uso wako pembeni ya ami yako ili asikae peke yake. Ungeweza kabisa kufanya jambo kama hilo, na kama ndivyo, ni zawadi ambayo hakuna aliyewahi kunipa mfano wake.

Nimeufuta uso huo hata hivyo. Nimefuta mara moja, nikageuza pamba, nikafuta tena, mpaka kijivu kikarudi. Kisha nikawatoa wote wawili vitini kwa ncha ya kisu, nikawafunga kitambaani, na kesho nikitoka gatini nitawazika pembeni ya Bibi. Helikopta itabaki tupu. Kutoka gatini nitakwenda Bububu, na safari hii nitasema neno moja tu mbele ya kaka yake Bi Zuhura na mbele ya kadhi, neno nililodaiwa. Ijumaa tutamsomea Salum khitma. Utakapoipata barua hii, tayari atakuwa marehemu ami yako, nawe umwombee hivyo.

Nililojifunza ni dogo, na limewagharimu wengine kuliko mimi. Mtu akiondoka, mwache awe ameondoka. Ukitaka arudi, mwachie na mlango wa kurudia. Kule uendako utawaona watu wengi wakienda mikononi mwako, na jamaa zao watakutazama kama Zuhura alivyonitazama. Waambie. Usiwaambie wangoje.

Basi, nina ombi moja. Kama ni wewe uliyempaka yule wa pili, nicheke, mwanangu, na katika barua yako ya kwanza uniandikie kuwa ni wewe, na rangi uliipata kwa nani. Nitakuomba radhi kwa kukufuta na nitakuwa mtu mwenye raha kuliko wote Kiponda.

Na kama si wewe, niandikie habari za chakula, na za baridi, na za wenzako unaolala nao chumba kimoja. Hili usiliguse. Nitafahamu.

Sasa nasikia mama yako anaamka kukutengenezea vya njiani. Nukta nyeupe sijaitazama tangu nilipowatoa wale wawili, na sitaitazama. Asubuhi utakaposhuka ngazi, ule mlango nitaufungua mimi, kwa mkono wangu, wazi kabisa, na ukisema "Nnakuja, baba," nitakujibu kama mtu mwingine yeyote anavyomjibu mwanawe.

Baba yako,
Othman